Umnukuu mtu au umripoti? Na “will” yake uiache au uigeuze “would”?

Mpwa wangu yuko kidato cha nne, jioni anakuja hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, na daftari lake tunakaa barazani mpaka giza liingie, na wiki hii yote tuko kwenye ripotedi spichi ya Kiingereza tu, yaani kauli taarifa, kusimulia alichosema mtu. Sentensi iliyotukamata ilikuwa nyepesi kabisa. Fundi seremala kasema “I will bring the door tomorrow”, haya igeuze iwe kauli taarifa. Mtoto kaandika “The carpenter said he will bring the door tomorrow”. Kalamu nyekundu ikapita. Sasa ananiuliza, mjomba hapa nimekosa nini, si ndo alivyosema fundi? Na kweli, kwa Kiswahili chetu ukisema “fundi alisema ataleta mlango kesho” hakuna mtu atakayekushangaa, mama yake mwenyewe ndo anavyoongea kila siku.

Nilimjibu halafu nikaona jibu langu halitoshi, maana hili jambo si la shule peke yake. Nalikuta kwa dada jirani yetu anayekaa mapokezi kwenye hoteli moja kule Raskazone na anaandika ripoti za wageni kwa Kiingereza, nalikuta kwa vijana wanaoandika mihtasari ya vikao, na mimi mwenyewe limeshanigharimu kazini. Kila mara unakuwa na njia mbili mkononi, ama uyarudishe maneno ya mtu kama yalivyotoka mdomoni mwake ama uyasimulie kwa maneno yako, na ukishaamua kusimulia kuna njia panda nyingine tena, wakati uurudishe nyuma au uuache. Wengi wanachagua bila kujua kuwa wamechagua.

Tuanze na chanzo chenyewe. Kiswahili cha kuongea kinamwachia msemaji saa yake. Fundi akisema “nitaleta”, mi nikija kusimulia nasema “alisema ataleta”, ile -ta- imebaki palepale, nilichogeuza ni nafsi tu. Kiingereza hakiendi hivyo, kikishafungua na “said” kinayavuta na yanayofuata yarudi hatua moja nyuma, yaani saa inayotumika ni ya anayesimulia siyo ya aliyesema. Ndo maana “will” inakuwa “would”, “is” inakuwa “was”, “can” inakuwa “could”, “have seen” inakuwa “had seen”. Na kumbuka hata sisi darasani tulifundishwa kwenye kauli taarifa kwamba “nitakuja kesho” igeuzwe “alisema kwamba angekuja siku iliyofuata”, ile -ta- ikageuka -nge-, sema ukitoka nje ya darasa ukafika soko la Mgandini humsikii mtu anaongea hivyo. Mpwa wangu nilipomkumbusha hiyo “angekuja” ya kitabuni, “would” ikamuingia palepale, akaacha kuiona kama adhabu.

Sasa kunukuu na kuripoti, ipi na lini.

Miaka ile nafanya kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga kulikuwa na daftari kubwa la matukio, kila simu ikiingia unaandika kwa Kiingereza. Dereva kapiga Alhamisi jioni, mi nikaandika “Driver said he will come tomorrow”. Mstari mmoja, sikuweka tarehe kwa sababu tarehe ilikuwa juu ya ukurasa, na huo ukurasa ulikuwa umeanza na mambo ya siku nyingine kabisa. Jumamosi asubuhi mkubwa wa zamu kafungua, kasoma “will come tomorrow”, akaona basi gari ni Jumapili. Gari lilitakiwa liwe limefika Ijumaa na halikufika, kwa hiyo ile Jumamosi ilikuwa siku ya kumtafuta dereva kwa simu mpaka apatikane, badala yake watu wakatulia wakamsubiri Jumapili, mzigo ukalala, gharama za kuhifadhi zikapanda na lawama zikanishukia mimi. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimeandika ukweli mtupu, kila neno dereva alilisema. Ila zile “will” na “tomorrow” zilikuwa za kwake, za Alhamisi, mimi nikazipandikiza kwenye sentensi yangu kama vile ni za kwangu.

Zitazame mbili hizi pamoja:

The driver said, “I will come tomorrow.”

The driver said he would come the next day.

Ya kwanza imemwachia dereva kila kitu, “I” ni yeye, “tomorrow” ni kesho ya kwake, na zile alama za kunukuu ndo ukuta unaozuia maneno yake yasichanganyike na yangu. Ya pili nimechukua kila kitu nimekifanya changu, “I” imekuwa “he”, “tomorrow” imekuwa “the next day”. Mimi nilichoandika siku ile kilikuwa katikati, ukuta sijaweka na maneno sijayageuza. Hapo ndo hatari ilipo. Na kwa maandishi ya kazini mi siku hizi hata hiyo “the next day” siitaki, najua ndo wanayoitaka kwenye mtihani na ni sahihi, lakini kazini andika “The driver said on Thursday that he would come on Friday” basi, taja siku, weka na tarehe kama ipo, hakuna atakayekaa kuhesabu kesho ya nani. Hivyohivyo “yesterday” ikitaka kuwa “the day before”, “last week” ikitaka kuwa “the week before”, “here” ikitaka kuwa “there”, shuleni zigeuze kama zinavyotakiwa, kazini taja siku na mahali kwa jina.

Kunukuu chagua pale maneno yenyewe ndo yenye uzito. Tusi, tishio, ahadi ya pesa, mtu kukiri kosa, au jambo ambalo unajua kabisa kesho atalikana. Kuripoti chagua pale unachotaka ni habari, kwa mfano mwenyekiti wa mtaa kaongea dakika kumi kuhusu mtaro, wewe kwenye muhtasari unaandika “The chairman said that the drain would be repaired before the rains” na kila aliyekuwepo ameridhika. Ila kunukuu kuna sharti lake na watu wanalipuuza sana, ukishaweka zile alama umekula kiapo kuwa ndivyo alivyosema neno kwa neno, kwa hiyo kama huyakumbuki vizuri usiziweke, simulia.

Hapa kwetu kuna jambo lingine sijawahi kulikuta kwenye vitabu vya shule, na mi naona ndo kubwa kuliko yote. Watu wanaongea Kiswahili halafu ripoti inaandikwa Kiingereza. Sasa utamnukuuje mtu kwa lugha ambayo hakuiongea? Yule dada wa mapokezi siku moja dereva wa bodaboda aligombana na mlinzi getini, akamwambia “utanitambua”, akawasha pikipiki akaondoka. Dada akaandika The rider said, “You will know me.” Meneja ambaye si mtu wa hapa akasoma akaelewa kuwa jamaa anataka kufahamiana na mlinzi, akaipita ile ripoti kama jambo la kawaida, wakati kila mtu wa Tanga anajua “utanitambua” ukiambiwa na mtu mwenye hasira inabidi ujiangalie njiani usiku. Dada alikuja kwangu kaudhika, na alikuwa na haki ya kuudhika, maana alitafsiri neno kwa neno akidhani ndo uaminifu.

Tulikaa tukaziandika upya njia tatu. Kwanza unaweza kuripoti tu, “The rider threatened the guard”, fupi na inaeleweka, lakini umeshatoa hukumu wewe, akija kukataa kuwa hakutishia huna maneno yake. Pili unaweza kunukuu Kiingereza kama alivyofanya, na hiyo naikataa kabisa, umemwekea mtu mdomoni maneno ambayo hayakutoka na maana yenyewe imepotea njiani. Tatu ndo tuliyoichagua: The rider said to the guard, “Utanitambua,” and the guard understood this as a threat. Neno lake limebaki la kwake kwa lugha yake, maana imeandikwa pembeni na imejulikana nani kaielewa hivyo. Kama unaandika ripoti za namna hii kwa wakubwa wasiojua Kiswahili mi nakushauri ushike hiyo, hasa kwa maneno kama “nitakuonyesha”, “shauri yako”, “tutaonana”, ambayo kwa Kiingereza cha moja kwa moja yanageuka kuwa maneno ya mtu mpole.

Kosa lingine linalozaliwa hapohapo katikati ya njia mbili ni kuweka “that” halafu ukaendelea na maneno ya mwenyewe. Mtoto kaandika “My mother said that I will pay the water bill”. Alichotaka kusema ni kwamba mama ndo atalipa bili ya maji, mama alisema “mi nitalipa”. Lakini alichoandika kinasema mtoto ndo atalipa! Ukishaweka “that”, “I” yote inayofuata ni wewe unayeandika. Kwa hiyo ama “My mother said that she would pay the water bill”, ama unaondoa “that”, unaweka mkato na alama za kunukuu na herufi kubwa, My mother said, “I will pay the water bill.” Hakuna ya tatu. Kuhusu alama zenyewe utakuta vitabu vingi vya Uingereza vinatumia kimoja kimoja na vya Marekani viwili viwili, chagua moja uende nayo mpaka mwisho wa karatasi.

Haya, umeshaamua kuripoti. Wakati uurudishe nyuma au uuache?

Kuna mahali hurudishi kabisa, nako ni pale kitenzi chako cha kufungulia kiko wakati uliopo. “The carpenter says he will bring the door tomorrow” iko sawa kabisa, “says” haivuti kitu. Hii ni nzuri sana kwa meseji za haraka, fundi kakata simu sasa hivi na wewe unamtumia mtu taarifa, tumia “says”, kesho bado ni kesho kwenu nyote na hujasumbuka. Mpwa wangu alifurahi, akasema basi mi nitaandika “says” kila mahali. Hapana mwanangu, swali likikupa “said” kaa na “said”.

Na kuna mahali unarudisha bila mjadala, pale muda umeshapita. Leo Jumamosi, aliahidi Ijumaa, huwezi kusema “he said he will come on Friday”, Ijumaa haipo tena, ni “would” tu.

Katikati ndo kuna kuchagua kwenyewe. Kitu kikiwa bado ni kweli, unaweza kurudisha na unaweza kuacha. “The guide said that the Amboni caves are north of Tanga” na “The guide said that the Amboni caves were north of Tanga” zote sahihi, mapango hayahami. Mi kwa vitu vya namna hii ambavyo havibadiliki naacha wakati uliopo, ukiandika “were” kuna msomaji atadhani yamebomoka. Lakini angalia hizi:

He said he is sick.

He said he was sick.

Mwenzako hajaja kazini, unamuandikia mkubwa wako. Ya kwanza inaegemea kuwa anaumwa kweli na mpaka sasa unavyoandika bado anaumwa, ni kama na wewe umeweka bega lako. Ya pili inamwachia mwenyewe neno lake, alisema hivyo, kama bado anaumwa au amepona au hakuwa anaumwa wewe hujaingia. Kwa Kiswahili zote mbili ni “alisema anaumwa” na hiyo tofauti haionekani kwenye wakati, sisi tunaionyesha kwa njia nyingine, tunaweka “eti”. “Eti anaumwa.” Ukisema hivyo kila mtu barazani ameshakuelewa. Kiingereza hakina “eti” inayokaa popote kama yetu, kwa hiyo wakati na kitenzi vinabeba huo mzigo. Ushauri wangu, ukiwa hujaona kwa macho yako rudisha nyuma, andika “was”, hujamsingizia na hujamdhamini.

Kwa mtihani ni rahisi zaidi, ukiona “said” rudisha tu, hiyo ndo sheria wanayoipima na hutapoteza maksi kwa kurudisha isipokuwa kwenye ukweli wa siku zote kama jua kuchomoza mashariki, hapo kuacha ndo salama. Zisizorudi ni “would”, “could”, “should”, “might”, hizo ziko mwisho wa ngazi tayari, pamoja na “had” iliyokwisha kurudi. “Must” ikiwa ni lazima ya kazi inakuwa “had to”. Na wakati uliopita wa kawaida unaweza kuwa “had” na kitenzi chake lakini kwenye matukio yenye mwaka hakuna haja, “The teacher said that Shaaban Robert was born in 1909” inatosha, yule mzee wetu wa Vibambani kazaliwa mwaka huo na hakuna atakayechanganya kipi kilitangulia.

“Said” na “told” sitakaa sana, kwa sababu Kiswahili kimeshatufanyia kazi. “Said” ni kusema, “told” ni kuambia. Jaribu kutamka “kuambia” bila mtu, “aliambia kwamba”, ulimi wenyewe unakataa, lazima useme aliniambia, alimwambia, aliwaambia. Basi na “told” hivyohivyo inataka mtu nyuma yake, “He told me”, “He told the guard”. Na “said” kama kusema haimtaki mtu moja kwa moja, huwezi “alisema mimi” na huwezi “he said me”. Ukiwa na mashaka tafsiri kichwani kwa Kiswahili, kikija kuambia andika “told”, ni hapa tu ambapo kutafsiri kichwani kunakuokoa badala ya kukuponza.

Maana kwenye maswali kunakuponza vibaya sana. “Aliniuliza natoka wapi” ukiivuta kama ilivyo unapata “He asked me where do I come from?”, na hiyo “do” haitakiwi, na alama ya kuuliza haitakiwi. Swali likisharipotiwa si swali tena, linapangwa kama sentensi ya kawaida, “He asked me where I came from”, nukta. Swali la ndiyo au hapana ile “kama” yetu inakuwa “if” au “whether”, “The tourist asked if the ferry was running”. Ukitaka kuchagua kati ya hizo mbili, kwenye maongezi “if”, kwenye barua rasmi “whether”, na ikifuatiwa hapohapo na “or not” ni “whether” pekee.

Na amri. “Aliniambia nisubiri” wengi wanaandika “He told me that I wait”, kwa sababu kuna ile -e au -i mwishoni mwa kitenzi wanaitafutia nafasi. Kiingereza ni “He told me to wait”, na akikukataza ni “He told me not to wait”. Hiyo “to” ndo inafanya kazi ya “nisubiri” yote. Sema “suggest” haimo humo, usiandike “He suggested me to wait”, andika “He suggested waiting” au “He suggested that I wait”, na hapo ndo ile sentensi yenye “that I wait” inakubalika.

Mwisho kuna wanaopenda kuacha “said” watumie vitenzi vyenye rangi, “claimed”, “admitted”, “denied”, “promised”, “warned”. Kwenye insha ni vizuri, walimu wanapenda. Kwenye ripoti ya kazi kuwa mwangalifu sana, “admitted” inasema alikosa na amekiri, “claimed” inakaribia “eti” yenyewe. Dada wa mapokezi aliandika mfanyakazi mwenzake “claimed that the key was lost”, hakuwa na nia mbaya, alitaka tu asirudie “said” mara ya nne, na mwenzake akaitwa ofisini kuulizwa kama mwizi. Kurudia “said” mara kumi hakuna ubaya, haimchomi mtu.

Jana jioni mpwa wangu kaandika kwenye daftari “The carpenter said that he would bring the door the next day”, na chini yake kwa kalamu ya risasi kaandika ya kwake ya kumtumia mama yake kwenye simu, “The carpenter says he will bring the door on Tuesday”. Kanionyesha zote mbili, akaniuliza kama fundi akisema “Let’s measure it again” inakuwaje. Nikamwambia hiyo ni “suggested” tu, “He suggested measuring it again”, akaandika.